Ukwaju kama wa mkahawani

Kuna mkahawa mmoja hapa Mombasa ambao viazi karai vyake ni vya kawaida tu. Watu wanafuata sosi yake ya ukwaju. Mpishi hasemi anatia nini, nami simlaumu, ndiyo riziki yake. Lakini mwenye ulimi na subira atapata mengi bila kumuuliza.

Agiza ukwaju wa ziada uende nao nyumbani, uuonje mtupu, bila kiazi. Utazame kwanza ukishapoa. Ukiwa unang'aa na kutetemeka ukiuchota, umekazwa kwa kornflawa. Ukiwa mzito, haung'ai, na utamu wake unabaki kooni, hapo pana tende. Kisha unuse. Huu wangu una kaharufu ka yai la kuchemsha, na wageni wengine hukunja pua. Hiyo ni chumvi nyeusi ya Kihindi. Waulize wauza viungo pale Marikiti. Ikishasagwa si nyeusi, ina wekundu wa mbali. Watu huhangaika kuongeza pilipili na ndimu, kumbe walichokosa ni hiyo.

Chukua ukwaju uliomenywa, gramu 200, uloweke kwa vikombe viwili vya maji ya moto kwa nusu saa. Tende laini nane, zitoe kokwa, uziloweke mbali kwa kikombe kimoja. Ukwaju ukamue kwa mkono. Usiutie kwenye blenda na kokwa zake, zikisagika zinaharibu kila kitu. Vuruga mpaka nyama iachane na kokwa, uchuje, ubonyeze makapi kwa mgongo wa mwiko. Makapi yakiwa bado na rangi, tia maji kidogo ukamue tena. Ukwaju siku hizi si wa kutupa. Tende ndizo za kusaga, pamoja na maji yake, kisha uchanganye na ukwaju.

Bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, ikaange kavu, moto mdogo, huku unaitikisa. Itaanza kunukia, halafu itageuka rangi. Hapo iepue upesi na uitwange ingali moto. Ya pakiti iliyokwisha kusagwa haifui dafu.

Sasa injika. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na ukali wa ukwaju unazila hadi sosi inakuwa na ladha ya chuma, kwa hiyo tafuta ya stenles au ya udongo. Tia sukari guru iliyoparwa vijiko viwili vikubwa, nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu ya unga, pilipili ya unga kadiri unavyoweza, na chumvi ya kawaida kidogo sana. Acha ichemke taratibu kama robo saa, ukikoroga ili tende zisishike chini. Iepue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka, maana ikipoa itakaza. Moto ukishazimwa ndipo utie bizari na chumvi nyeusi, robo kijiko cha chai kwanza.

Usiihukumu ingali moto. Ilaze usiku mmoja, asubuhi uionje sambamba na ile ya mkahawani, kijiko hiki na hiki. Ikiwa kali mno, ongeza sukari guru. Ikiwa tamu lakini imepooza, mara nyingi inadai chumvi, si ndimu. Ihifadhi kwenye chupa ya kioo ndani ya friji, uchote kwa kijiko kikavu, nayo itakaa wiki mbili bila shida.

Kwa viazi karai na mishkaki itumie hivyo hivyo. Ukitaka kuimwagia kachumbari au kabeji, chukua vijiko vitatu, uizimue kwa maji ya ndimu moja na mafuta kidogo, uikoroge vizuri, na uimwage wakati watu wamekwisha kunawa mikono. Kabeji iliyotiwa chumvi mapema hutoa maji, na sosi yote itaishia chini ya bakuli.