Makaroni za korosho, embe na pilipili

Jamani, mnaohangaika kutafuta lozi za kuokea makaroni za Kifaransa (si tambi, ni vile vibiskuti vya ute wa yai) hapa Mtwara, tumieni korosho. Ila korosho ina mafuta. Isage pamoja na sukari ya unga, ukibonyeza blenda na kuachia. Ukizidisha inageuka kama siagi ya karanga. Kisha chekecha. Ukishachanganya na ute wa yai uliopigwa ukaumuka, na kumimina kwenye trei, usikimbilie oveni. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, mimi husubiri hata saa nzima, mpaka nikigusa juu kidole hakinati. Oka nyuzi 150. Katikati napaka embe lililopikwa likakauka, na pilipili ya unga, chembe tu. Watoto wakiuma wanasifia kwanza, pilipili inawafikia baadaye.