Hedifoni ya blututhi inagoma kushika kwenye kompyuta? Anzia kwenye simu yako

Kabla hujaanza kuhangaika na madraiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) au kumpelekea fundi, chukua simu yako uizime blututhi kwanza. Naanzia hapo makusudi maana ndo chanzo kinachosumbua wengi na hawakiangalii. Hedifoni ukiiwasha inakimbilia kifaa ilichozoea, yaani simu, na nyingi zikishashikana na simu hazijitokezi tena kwenye kompyuta, utatafuta mpaka uchoke. Na siyo lazima simu iwe mkononi, hata ikiwa chumba cha pili, au tableti ya mtoto, inaweza kuidaka, blututhi inafika mita 10 bila shida.

Halafu kuna hili, kuwasha hedifoni na kuiweka iwe tayari kuunganishwa ni vitu viwili tofauti. Nyingi inabidi ubonyeze kitufe cha kuwashia bila kukiachia, sekunde 5 au zaidi, mpaka taa ianze kuwaka na kuzima haraka haraka. Zile ndogo za kuchomeka masikioni kitufe mara nyingi kiko kwenye kiboksi chake cha chaji. Hapo ndo unaenda kwenye Windows 11, Settings, Bluetooth & devices, unabonyeza Add device.

Kama jina lake tayari lipo lakini haiungi, usiendelee kubonyeza Connect, ifute kabisa kwa Remove device uanze upya. Vifaa hivi vikiunganishwa mara ya kwanza vinawekeana ufunguo wa siri, sasa ukiriseti hedifoni ule wa kwake unafutika ila kompyuta bado inao wa zamani, ndo maana hazielewani.

Swichi ya blututhi yenyewe haionekani? Ristati. Nasema ristati, siyo kuzima na kuwasha, kwa sababu Windows nyingi zina Fast Startup, ukizima haizimi kila kitu, ila ukiristati inaanza upya kweli. Ikigoma fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), kwenye Bluetooth chagua adapta ya blututhi ya kompyuta yako, Uninstall device, uristati tena, Windows itairudisha yenyewe. Ikishindikana pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, achana na vile viprogramu vinavyodai vitakuapdetia madraiva yote, vingi vinakuletea uchafu tu. Kompyuta ya mezani inaweza isiwe na blututhi kabisa, hiyo dawa yake ni kununua adapta ya USB.

Kama hedifoni yako ilikuja na kijidude chake cha USB, tumia hichohicho, usitegemee cha hedifoni nyingine kitakubali. Kichomeke mbele ya kompyuta, kikae mbali na diski ya nje (hard disk) au flashi ya USB 3.0, kwa sababu hizo zikifanya kazi zinatoa kelele za mawimbi ya redio, siyo za kusikika, kwenye masafa ya 2.4 GHz, na hedifoni nyingi za wayalesi zinatumia masafa hayohayo, kwa hiyo sauti inakatakata au haishiki kabisa. Waya mfupi wa kuongezea USB unasaidia sana hapa.

Sasa imeshika ila kimya? Bonyeza alama ya spika kule chini kulia uchague jina la hedifoni, kompyuta huwa inabaki kwenye spika zake. Kwenye Windows 10 utaona majina mawili, Stereo na Hands-Free, ya muziki ni Stereo. Na ukiingia kwenye mkutano wa Zoom sauti ikawa kama ya redio mbovu, hedifoni haijafa, ni kwamba blututhi ya kawaida haiwezi kubeba sauti nzuri na maiki kwa pamoja, maiki ikiwashwa tu sauti inashushwa. Nenda kwenye setingi za sauti za Zoom, maiki weka ya laptopu, spika acha hedifoni, utasikia tofauti hapohapo.