Somo: Breki za trekta la Massey Ferguson 135 zikiisha

Kabla hujanunua brekishu (vyuma vilivyobeba leningi, yaani sehemu inayosuguana na dramu), chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona oili nyeusi imelowesha chini ya dramu, ugonjwa ni sili ya ekseli (inayozuia oili isivuje), na brekishu mpya zitalowa vilevile. Wengi hukazakaza tu wakidhani breki zimelegea.

1. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Zima injini, weka gea, weka kabari magurudumu ya mbele. Breki ya kuegesha usiitegemee, ndiyo hiyo hiyo unayoifungua. Piga jeki, kisha simika stendi ya chuma chini ya ekseli, tofali hupasuka. Ndipo utoe gurudumu. Tairi lililojazwa maji usilitoe peke yako.

2. Toa kizibo cha mpira nyuma ya sahani ya breki, ulegeze rejesta yenye meno (ya kukaza na kulegeza breki) kwa bisibisi. Dramu iliyoliwa ina ukingo unaonasa brekishu. Fungua skrubu mbili za dramu, igonge taratibu itoke.

3. Vumbi usilipulize kwa kompresa: leningi za zamani zilikuwa na asbesto, na asbesto huua mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

4. Leningi ikikaribia vichwa vya ribiti (misumari inayoishikilia), imekwisha. Nunua brekishu za inchi 14 kwa 2, za pande zote mbili. Piga picha springi kabla ya kuzitoa, utanishukuru.

5. Rudisha dramu na gurudumu. Toa gea ili gurudumu lizunguke, kabari zibaki. Kaza rejesta hadi gurudumu ligome, kisha legeza hadi lizunguke bila kukwaruza.

Sasa usiwe mvivu. Unganisha pedeli mbili kwa komeo lake, endesha polepole kwenye uwanja mkavu, kanyaga. Trekta likivuta upande mmoja, legeza kidogo upande unaowahi kushika, ujaribu tena. Shambani pedeli moja hukusaidia kukata kona. Barabarani, ukiwa na trela la mahindi, breki ya upande mmoja inakupindua.

MASWALI

— Fundi, leningi zimelowa oili ila bado nene. Nizioshe kwa petroli?
Hapana, kaka. Oili imeshazama ndani. Zikipata moto inatoka tena. Osha dramu, leningi badilisha.

— Sili naweza kubadilisha mwenyewe?
Kama una presi. Bearingi na ringi yake zimeshindiliwa kwenye shafti. Huna? Peleka shafti karakana.

— Shikamoo fundi. Nalima mpunga Mbarali, nikitoka majarubani breki hazishiki kabisa.
Marahaba. Hayo ni maji. Tembea polepole umekanyaga kidogo hadi zikauke. Zikikauka na bado hazishiki, fungua dramu: kuna tope au oili.