Somo: Bodi ya Wi-Fi ya kupima maji ya tangi inapogoma kushika mtandao

Wakuu, habari za jioni. Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Programu imeingia vizuri, mbona bodi haishiki Wi-Fi?" Wengi hukimbilia kubadilisha programu. Mimi naomba uanzie kwenye waya wa umeme, upande ngazi moja moja hadi ufike intaneti.

Mfano wangu ni kipimo cha maji nilichofunga kwenye tangi la lita 1,000 nyumbani kwa mama, Tabata. Maji ya mgao hutoka usiku, na asipojua tangi limebaki robo, anaamka hana hata ya kuoshea vyombo. Bodi ni NodeMCU, bodi ndogo ya kuandikia programu, yenye chipu ya Wi-Fi ya ESP8266. Mwenye ESP32, chipu ndugu yake, atafuata njia hii hii.

Hatua ya 1: Umeme

Chipu hii inakula volti 3.3. Ikitulia haina makuu, lakini redio inapoanza kurusha mawimbi inadai ghafla miliampea mia kadhaa, kwa kitambo kifupi mno. Chaja dhaifu au kebo ndefu nyembamba haiwezi kufikisha kiasi hicho, volti zinaporomoka, bodi inazima na kuwaka upya. Na kwa kuwa inazima pale pale inapojaribu kuunganishwa, utaapa kwamba kosa ni la Wi-Fi. Nilikesha siku tatu nikiandika upya programu ambayo haikuwa na kosa lolote. Dawa ilikuwa kebo nyingine. Ndiyo maana nasisitiza hapa kuliko kwingine.

ESP32 angalau hujieleza, inaandika "Brownout detector was triggered", yaani volti zimeshuka mno. ESP8266 mara nyingi huanza upya bila kukutajia sababu. Tumia chaja inayotoa ampea 1 ya kweli, kebo fupi, na ufunge kapasita (kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 470 kati ya pini ya 3V3 (volti 3.3) na GND (hasi), karibu kabisa na bodi. Zingatia mguu wa hasi. Ukienda Kariakoo kununua vifaa, chukua kapasita kadhaa, ni bei ndogo.

Kebo nyingine ni za kuchaji tu, hazina waya za data, kwa hiyo kompyuta haiioni bodi kabisa. Kama kebo ni nzima na bado haionekani, soma chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB: ni CH340 au CP2102. Weka draiva yake (programu ya kuifanya kompyuta iitambue).

Hatua ya 2: Bodi inasikia nini?

Kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia kodi kwenye bodi) fungua mfano wa WiFiScan, pakia, kisha tazama Serial Monitor, dirisha la ujumbe wa bodi, kwa kasi ya 115200. Jina la mtandao wako lipo? Chipu hizi husikia GHz 2.4 tu. Ruta au hotspoti ya simu ikiwa kwenye GHz 5, kwa bodi yako ni kama haipo.

Tazama pia nguvu ya mawimbi. Karibu na -60 ni salama. Ikishuka chini ya -80 utateseka. Kule Tabata nilikuwa nimeiweka bodi darini, chini ya mabati, ikasoma -84. Nikaishusha ukutani chini ya upenu, ikawa -67. Mabati ni ukuta wa chuma, mawimbi hayapiti kirahisi.

Hatua ya 3: Soma namba

Baada ya `WiFi.begin(jina, siri)`, chapisha `WiFi.status()`. Namba 3 ni kwamba imeunganishwa. Namba 1, jina halionekani: rudi hatua ya 2, na kumbuka herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti. Ukiona 4 au 6, kagua nywila kwanza.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika na kurudi

Umeme ukirudi, bodi inaamka papo hapo, ruta inachukua dakika nzima au zaidi. Programu iliyojaribu mara moja tu ndani ya `setup()` itakuwa imekata tamaa. Weka hii ndani ya `loop()`, na `mara` uitangaze juu kama `unsigned long`:

```
if (WiFi.status() != WL_CONNECTED && millis() - mara > 30000) {
  WiFi.disconnect();
  WiFi.begin(jina, siri);
  mara = millis();
}
```

Usiite `begin` kila sekunde, maana kila ukiita unaanza safari upya.

Hatua ya 5: Kushika ruta siyo kupata intaneti

Kifurushi kikiisha, `WiFi.status()` bado itasema 3. Pima kwa kutuma ombi kwenye seva yako: `http.GET()` ikirudisha 200, njia iko wazi. Ikirudisha namba hasi, hukufika kabisa. Ikirudisha nyingine uliyokuwa huioni, huenda unapelekwa ukurasa wa kununua bando.

Maswali ya wanachama

*Mbagala: Mkuu, nikiwasha naona herufi za ajabu ajabu.*
Kawaida hiyo, mkuu. ESP8266 inapoamka huandika kwa kasi ya 74880. Weka kasi hiyo utazisoma, na humo utajua kwa nini ilianza upya.

*Kigamboni: Yangu inajizima kila baada ya sekunde chache, inaandika "Soft WDT reset". Chaja ni nzuri.*
Dada, basi sasa ni programu: WDT ni mlinzi wa ndani anayeiwasha bodi upya programu ikikwama. Kuna kitanzi kinachozunguka kama sekunde tatu bila kuipa Wi-Fi nafasi. Weka `yield()` au `delay(1)` ndani yake.

*Kimara: Senso ya JSN-SR04T (ya kupima umbali wa maji kwa mwangwi) inaniletea vipimo vya uongo tangi likijaa.*
Haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 25 hivi kutoka kwake. Inua senso juu ya ukingo. Na ukiilisha volti 5, pini yake ya Echo hutoa 5 pia: weka rezista ya kilo-ohm 1 kutoka Echo hadi pini ya bodi, na ya 2 kutoka pini hiyo hadi GND.

*Ubungo: Saa ninayoipata mtandaoni iko nyuma saa tatu.*
Andika `configTime(3 * 3600, 0, "pool.ntp.org")`. Mama alitaka saa ya Kiswahili kwenye kioo, kwa hiyo natoa 6 wakati wa kuonyesha tu, tarehe siigusi.