Kuifufua Kanda ya Simba: Mambo ya Kufanya Kabla Hujaichomeka kwenye Deki

Waliokua miaka ya tisini Dar, Mombasa au Bujumbura, wengi waliijua The Lion King kwa kanda ya VHS, si kwa jumba la sinema. Filamu ilitoka Marekani Juni 1994, kanda yake ikaanza kuuzwa huko Machi 1995. Tanzania Bara nayo ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka huohuo wa 1994, kwa hiyo kwa nyumba nyingi deki ndiyo iliyokuwa kila kitu: katuni, filamu za Kihindi, harusi ya shangazi. Kanda hizo bado zipo, chini ya vitanda na juu ya makabati, na mtu akiipata ya kwake jambo la kwanza analolitaka ni kuichomeka aone kama bado inaimba.

Usiichomeke. Kanda iliyotulia kabatini miaka ishirini na zaidi mara nyingi bado ina picha yake. Huwa inaharibiwa siku ya kufufuliwa, kwa ukungu ambao hakuna aliyeutazama au kwa deki ambayo hakuna aliyeijaribu.

Kama haja yako ni hadithi tu, nunua diski au itazame mtandaoni, utapata picha safi kuliko kanda yoyote. Ila jua kwamba utakachokiona si kilekile ulichokikariri. Kwa toleo la skrini kubwa za IMAX la 2002, mamba wanaoonekana katika wimbo wa Simba mdogo walichorwa upya. Diski ya 2003 ikaongezewa wimbo mzima wa Zazu akitoa taarifa ya asubuhi, ambao kwenye kanda ya 1995 haumo. Halafu kuna sauti. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Kenya, Tanzania, Uganda na Oman, unaonyesha picha 25. Kanda za PAL zilitengenezwa kwa kuiharakisha filamu kidogo, hivyo dakika 88 zikawa takriban 84 na nusu, na nyimbo zikapanda kidogo, chini ya nusu toni. Ukisikiliza diski ya Blu-ray leo ukahisi waimbaji wamekuwa wazito kidogo, sikio lako halijakosea.

Anza kwa kuitazama

Toa kanda kwenye boksi lake, isimamishe mbele ya dirisha na uangalie kupitia kioo chake kidogo. Utepe mzima unatakiwa uwe mweusi au kahawia, umelala sawasawa. Ukiona unga mweupe au kijivu ukingoni mwa utepe uliojikunja, huo ni ukungu. Ukiona mistari iliyochongoka au sehemu ya utepe iliyopanda juu ya nyingine, ilizungushwa vibaya mara ya mwisho. Inuse pia: harufu ya stoo iliyovuja ni dalili hata kama jicho halioni kitu.

Kisha fungua kifuniko cha mbele. Pembeni mwa kanda kuna kitufe kidogo. Kikibonyezwa, kifuniko kinainuka na utepe unaonekana umepita wazi. Usiuguse kwa vidole. Upande unaoutazama, ule wa nje, ndio uliobeba picha, na mafuta ya mkono yanavuta vumbi. Kama unataka kuzungusha magurudumu kwa mkono, katikati ya tumbo la kanda kuna tundu. Ingiza kalamu, sukuma taratibu, breki zinaachia.

Tazama na lebo. Kanda zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani na Canada ni za mfumo mwingine, NTSC. Za Uingereza ni PAL. Za Ufaransa zinaweza kuwa SECAM, mfumo uliotumika pia Congo na Burundi. Deki ya PAL pekee ikilishwa kanda ya NTSC, picha inaruka na kujiviringisha. Ikilishwa ya SECAM, kwa kawaida sauti inakuwa nzima ila picha haina rangi. Watu wengi wametupa kanda nzima kabisa kwa sababu hii, wakidhani imekufa. Tafuta deki ya mifumo mingi, yenye maandishi PAL, SECAM na NTSC usoni; zilizoletwa kutoka Ghuba mara nyingi huwa hivyo. Ikiwa ni ya Marekani, angalia umeme wake kwanza: deki ya volti 120 ikiwekwa kwenye soketi ya 230 haidumu hata sekunde.

Ukungu

Mwambao una tabu yake. Hewa ya Mombasa, Tanga na Unguja ina unyevu ambao mara nyingi hupita asilimia 75, wakati kanda inataka kati ya 30 na 40. Kanda yenye ukungu ikipita ndani ya deki inafanya maovu matatu kwa mpigo: unga unaziba hedi (kichwa kinachosoma picha kwenye utepe), utepe unanata na kukatika, na kanda safi itakayofuata inaambukizwa.

Kwanza iache ikauke. Iweke kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, viwili vitatu vikubwa, kwa wiki mbili au zaidi. Vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu huwa vimeshakunywa unyevu wao wote. Mchele usitumie, vumbi lake ni tatizo jipya. Ukungu ukikauka unageuka unga mkavu unaopanguka. Ukiwa bado mbichi unapakaa tu.

Kusafisha kwenyewe fanya nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa na glovu. Geuza kanda, fungua skrubu tano za chini kwa bisibisi ndogo ya nyota, kisha igeuze tena ikiwa imefumbatwa ili vitu visimwagike, na uinue gamba la juu. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote, maana kuna vijirola, vinguzo na spiringi ndogo ambayo ikiruka kwenye nyasi basi tena. Toa magurudumu yote mawili kwa pamoja. Panguza kingo za utepe kwa brashi laini kavu, halafu uzungushe taratibu kutoka gurudumu moja hadi jingine huku ukipita katikati ya kitambaa kisichotoa nyuzi, umekishika bila kubana. Kibadilishe sehemu kila kinapochafuka. Usitie maji, na spiriti ya dukani usiikaribishe: ina maji na rangi, inaweza kulainisha gundi inayoshikilia chembe za picha.

Ukimaliza, usirudishe magurudumu kwenye gamba la zamani. Nunua kanda yoyote safi isiyo na thamani, toa utepe wake, tumia gamba lake.

Deki

Kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Unachokipata Kariakoo au Luthuli Avenue ni cha mkononi, na muuzaji atakuambia kinafanya kazi kwa sababu taa inawaka. Taa si kipimo.

Deki iliyokaa ina magonjwa ya kawaida. Mikanda ya mpira ya ndani inalegea au inageuka kama lami. Rola ya mpira inayovuta utepe inakuwa ngumu na kung'aa, utepe unateleza, unajikunja, na hapo ndipo tunaposema deki imekula kanda. Grisi ya kiwandani nayo hukauka, kwa hiyo mitambo inayoupeleka utepe kwenye hedi inakwama nusu njia na kanda haitoki.

Kwa hiyo jaribu kwa kanda ya kafara, ile ya mahubiri au ya mazoezi ya viungo isiyotakiwa na mtu. Icheze dakika kumi, isimamishe, iende mbele, irudi nyuma, itoe. Baada ya kuitoa, fungua kifuniko chake utazame utepe: ukingo uliokunjwa au mstari mrefu wa mkwaruzo maana yake deki inamhitaji fundi kwanza. Rudia angalau mara tatu.

Picha ya chenga tupu huku sauti ikisikika vizuri, mara nyingi ni hedi chafu. Hapa ndipo watu wanapoua deki nzuri, kwa hiyo twende polepole. Chomoa deki kwenye umeme, subiri nusu saa, fungua mfuniko wa juu, na usiguse sehemu ya pawa. Utaona silinda ya chuma inayong'aa, imelala kwa mshazari, kipenyo chake milimita 62. Ikiwa kazini kwa mfumo wa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Katika mzingo wake kuna vijipenyo, na ndani ya kila kijipenyo kuna ncha ya hedi, nyembamba na dhaifu kama ukucha wa kitoto kichanga. Usitumie pamba ya masikio: nyuzi zake zinanasa kwenye ncha na kuing'oa. Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya kuchapishia au ngozi laini ya kusafishia lenzi, kiloweshe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kiegemeze kwenye silinda kwa kidole kimoja na ukiache hapohapo. Kwa mkono wa pili zungusha silinda ukiishika kwa juu. Silinda ndiyo inayotembea, karatasi imetulia. Kamwe usisugue kutoka juu kwenda chini, mwendo huo mmoja unatosha kuvunja ncha. Mizunguko mitano, badilisha karatasi, rudia hadi itoke safi. Rola ya mpira na vinguzo vya njiani unaweza kuvipanguza kwa pamba, hapo haina neno. Acha deki wazi dakika ishirini ikauke kabla ya kuwasha.

Siku ya kuitazama

Kama kanda ilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache saa mbili katika chumba chenye deki. Ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto inatoka jasho, na utepe wenye unyevu unaganda kwenye silinda. Walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wana shida hiyo kila majira ya baridi.

Ichomeke, ipeleke mbele hadi mwisho bila kuicheza, kisha irudishe mwanzo. Utepe uliokaa miaka umebanana. Safari moja ya kwenda na kurudi inaufungua na kusawazisha mkazo. Ukisikia inagugumia au inapunguza mwendo, simamisha mara moja na urudi kwenye ukaguzi.

Waya ni rahisi: njano picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Runinga mpya isiyo na matundu hayo inahitaji kibadilishio cha AV kwenda HDMI, na ukinunua hakikisha mishale inaelekea huko, kwa sababu kinyume chake kinafanana nacho sura na hakitasaidia kitu. Kipe pawa ya USB hata kama boksi halisemi. Kisha weka runinga kwenye umbo la 4:3. Ikijaza skrini nzima, Mufasa anakuwa mnene na Timon mfupi, na watu wanalaumu kanda.

Mstari wa chenga ukibaki chini au juu ya picha, rekebisha trakingi kwa rimoti, taratibu, hadi ushuke nje ya skrini. Ikikataa kote, kuna uwezekano kanda yako ni nakala iliyorekodiwa kwa LP, mwendo wa nusu ya kawaida, kwenye deki nyingine. Jaribu deki yenye LP. Nakala ya nakala haina dawa, rangi nyekundu itavuja nje ya mistari siku zote.

Ikikatika

Selotepu ya kawaida hapana. Gundi yake inatiririka kwenye joto na kwenda kukaa kwenye hedi. Tafuta utepe maalumu wa kuungia wa nusu inchi, kata ncha zote mbili zilizoharibika kwa wembe mpya, zikutanishe bila kupandana na bila kuacha mwanya, na ubandike upande wa ndani, usiobeba picha. Kwenye PAL utepe unakwenda milimita 23.39 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita tano ulizokata ni sekunde mbili za filamu. Lakini kiungo, hata kizuri, kikipita kwenye hedi kinaigonga. Kama kukatika ni karibu na mwanzo au mwisho, ni afadhali kupoteza kipande kile na kuunga moja kwa moja kwenye kamba angavu ya mwanzo, ambayo haifiki kwenye hedi.

Kuhamishia kwenye kompyuta

Kanda halisi ya studio mara nyingi ina ishara ya kuzuia nakala. Ukiipitisha kwenye kifaa cha kunasa video, picha inafifia na kung'aa kwa zamu, au kifaa kinakataa. Deki yako haina kosa. Iache, inunulie filamu diski yake, kanda ibaki kanda.

Cha kuhamisha ni kile kilichorekodiwa nyumbani, na kanda za katuni za huku zina siri zake: baada ya majina ya mwisho kupita, acha iendelee kucheza. Mara nyingi mtu aliona utepe umebaki akarekodi juu yake, sikukuu, maulidi, mtoto akitahiriwa. Kwa PAL, nasa kwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Saa moja ya DV, aina ya faili la video la kidijitali, inakula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo andaa nafasi kabla. Nasa kanda nzima kwa mkupuo mmoja, kata baadaye.

Ukimaliza, irudishe mwanzo kabisa, isimamishe kama kitabu, gurudumu lenye utepe likiwa chini, ndani ya kontena lenye silika jeli mpya, mbali na spika. Na kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda, kama bado kipo, kivunje leo, asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi.