Namna ya kupima kama mgombea wa kuja amegawa kura za chama

Mwanasiasa mzito akihama chama, vijiweni neno ni lile lile: "kawagawa." Huenda kweli, huenda siyo. Mimi huchambua matokeo ya uchaguzi, na njia ninayotumia ni hii, kwa mfano wa Edward Lowassa mwaka 2015. Tafuta matokeo ya Tume ya chaguzi mbili zinazofuatana, kikokotoo na daftari.

Hatua ya 1: Tenga anakotoka na anakoingia

Lowassa alikatwa na CCM Dodoma Julai 2015, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Chadema, tayari kubeba bendera ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Andika maswali mawili na usiyachanganye: kaondoka na watu wangapi wa CCM? Kawakimbiza wangapi wa upinzani? Hili la pili wengi hulisahau, ingawa Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa Chadema, ndiye aliyemtaja Lowassa kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007.

Hatua ya 2: Linganisha asilimia, si kura tupu

Mwaka 2010 Kikwete alipata kura 5,276,827 (62.83%), Slaa 2,271,941 (27.05%) na Lipumba wa CUF 695,667 (8.28%). Mwaka 2015 Magufuli alipata 8,882,935 (58.46%) na Lowassa 6,072,848 (39.97%).

Ukitazama kura tupu, CCM iliongeza zaidi ya milioni 3.6, na utaapa kwamba haikuguswa. Lakini kura halali zenyewe zilipanda kutoka takriban milioni 8.4 hadi milioni 15.2. Kwa asilimia, CCM ilishuka pointi 4.37.

Upande wa pili, usimpime Lowassa na Slaa peke yake. Kosa hili nakutana nalo kila mara. CUF ilikuwa ndani ya UKAWA, kwa hiyo jumlisha Slaa na Lipumba: 35.33%. Lowassa akawazidi kwa pointi 4.64. Slaa alikuwa ameshajiondoa kwenye siasa, Lipumba ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF, na bado fungu la kura halikupungua. Viongozi ndio waliogawanyika. Wapiga kura, kwa jumla yao, walibaki.

Angalizo: daftari la wapiga kura la 2015 liliandikishwa upya kwa BVR (mfumo wa alama za vidole), na vijana wengi walikuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Usiseme wale wa pointi nne ni watu walewale waliohama. Takwimu za jumla haziwezi kukuambia hivyo, hata ukizikamua vipi.

Hatua ya 3: Shuka jimboni, hesabu mafiga

CCM huomba mafiga matatu: rais, mbunge, diwani. Tumia mafiga hayo kama kipimo. Katika jimbo moja, weka kura za urais na za ubunge za chama kilekile ubavu kwa ubavu. Mgombea urais akimzidi mbunge wake kwa mbali, kuna waliompa yeye wakakinyima chama. Akiwa chini ya mbunge, ndani ya chama kuna waliomkataa. Tofauti ndogo ipuuze, na angalia kwanza kama mbunge mwenyewe ni kipenzi cha watu, maana hilo huvuruga hesabu.

Monduli, jimbo la Lowassa kwa miaka mingi, ubunge wa 2015 ulikwenda kwa Julius Kalanga wa Chadema. Huko Lowassa alihama na zaidi ya figa moja.

Hatua ya 4: Soma sheria ya ushindi

Kenya mwaka 1992, FORD, chama cha upinzani, ilikuwa imeshapasuka. Moi alipata takriban asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Oginga Odinga 17. Sheria haikudai nusu ya kura, Moi akarudi Ikulu. Tanzania nayo, tangu mabadiliko ya katiba ya 2000, haidai nusu kwa urais.

Kisha piga hesabu ya pengo. Kura ikitoka CCM ikaenda kwa mhamaji, pengo hupungua kwa mbili. Mwana CCM akibaki tu nyumbani, hupungua kwa moja. Pengo la 2015 lilikuwa pointi 18.49. Kwa hiyo Lowassa alihitaji kuichomoa CCM pointi nyingine zaidi ya tisa, zote zije kwake.

Hatua ya 5: Fungua faili tena baada ya miaka michache

Augustine Mrema alitoka CCM akaipa NCCR-Mageuzi 27.77% ya kura za urais mwaka 1995, na chama kikachukua majimbo 16. Ugomvi ukafuata, Mrema akaenda TLP, na mwaka 2000 NCCR ikabaki na jimbo moja. CUF nayo: Lipumba alirudi kudai kiti chake mwaka 2016, Msajili wa vyama akamtambua, na Machi 2019 Maalim Seif, katibu mkuu wa CUF, akahamia ACT-Wazalendo. Mwezi huohuo Lowassa alirudi CCM.

Matukio haya yape safu yake kwenye jedwali. Usiyajumlishe na asilimia za hatua ya 2.