Maji Baridi Yakisukuma Maji Moto Kurudi Paani

Unadhani sola yako, yaani hita ya maji ya jua iliyo paani, inavuja? Funga valvu inayopeleka maji baridi kwenye tangi lake, kisha fungua mfereji wa maji moto jikoni. Ngoja kidogo. Mabaki ya paipu yatatoka, halafu mfereji unapaswa kukauka. Ukiendelea kutiririka kwa nguvu, tena maji yenyewe baridi, basi mahali fulani ndani ya nyumba maji baridi yanavuka na kuingia kwenye paipu ya moto. Sola yako haina ugonjwa. Usikubali kuuziwa nyingine.

Hapa Nakuru kazi hii huniita sana Kiamunyi na Lanet, kwenye nyumba zilizowekwa tangi la chini na pampu kwa sababu ya mgao wa maji. Pampu inatuma maji baridi kwa presha ya ba 2 au 3 (ba ni kipimo cha presha). Sola nayo inalishwa na tangi la mnara, kwa mteremko tu. Kila mita 10 za kimo ni takriban ba 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya shawa linasukuma kwa ba 0.3. Presha hizi mbili zikikutana kwenye miksa moja, yaani mfereji unaochanganya moto na baridi, baridi inapanda paipu ya moto mpaka paani, na paipu ya kupumulia (ile iliyo wazi juu, ya kutolea hewa na mvuke) inamwaga maji juu ya mabati, au tangi la mnara linafurika. Mwenye nyumba anapiga simu: "Fundi, sola inavuja."

Ukitafuta maji yanapovukia, anza na miksa yenye shawa ya mkono. Watu huacha vishikio vyote viwili wazi, wakafunga maji kwenye shawa yenyewe. Humo ndani moto na baridi vimeungana mchana na usiku. Funga miksa moja moja kwenye valvu zake huku mfereji wa jikoni ukiwa wazi. Ile ambayo ukiifunga maji yanakatika, ndiyo yenyewe.

Mafundi wengi huweka valvu ya njia moja hapo kwenye paipu ya moto wakachukua pesa yao. Ni kweli maji hayatarudi tena paani. Lakini ukioga, baridi yenye nguvu itaikandamiza valvu hiyo ibaki imefungwa, na moto hautatoka. Dawa ni moto na baridi za bafuni kutoka kwenye presha moja.

Njia ya bei nafuu: vuta laini ya baridi ya bafuni kutoka tangi lile lile linalolisha sola. Pampu ibaki na vyoo na bustani. Tumia paipu ya inchi robo tatu badala ya nusu, maana presha ni ndogo.

Ukitaka shawa yenye nguvu, lisha sola kwa pampu pia, ila soma kibandiko chake kwanza. Tangi la mirija ya kioo lenye kitangi kidogo cha kulishia juu yake halikuundwa kubeba presha, litapasuka. Kama lako linaibeba, kipunguza presha kikae kabla laini haijagawanyika kuwa ya sola na ya baridi. Ukikiweka kwenye laini ya sola peke yake umerudisha tofauti ile ile uliyokuja kuondoa.

Halafu kuna valvu ya usalama, ile inayoachia maji presha ikizidi. Lita 200 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama lita 3, na maji hayabanwi. Valvu ya njia moja ikiwa kwenye mlango wa tangi, ya usalama ikae kati yake na tangi, bila koki yoyote katikati. Nimeikuta imezibwa kwa plagi eti inadondosha. Kudondosha jua likiwaka ndiyo kazi yake!

Wenye kuni busta, hita ya maji inayowashwa kwa kuni, msiipe presha ya pampu hata kidogo. Paipu yake ya kupumulia ibaki wazi, isiwekewe valvu, wala isikunjwe kushuka chini ya kimo cha tangi linaloilisha. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Moto wa kuni ukisahauliwa, mvuke unahitaji pa kutokea.